Mwongozo wa Kukokotoa na Kubadilisha Vipimo vya Mteremko kwa Kazi za Ujenzi

Mchoro mmoja wa nyumba unaweza kutaja mteremko wa bomba kuwa 1:40, mteremko wa veranda kuwa asilimia 2 na mwinamo wa paa kuwa digrii 20, kisha fundi anayekabidhiwa mchoro huo akaeleza kwamba yeye amezoea kufanya kazi kwa inchi nne kwa kila futi. Maswali ya watu wanaojenga kwa mara ya kwanza, wawe Lanet, Njoro, Riat au Ahero nchini Kenya, karibu yote huanzia hapo: je, watu hawa wanazungumzia kitu kimoja, na kama ni kimoja, nitabadilishaje kipimo cha huyu kiwe cha yule bila kuharibu kazi?

Jibu ni kwamba wanazungumzia kitu kimoja. Kila kipimo cha mteremko ni kimo kilichogawanywa kwa mlalo, na tofauti iko katika namna ya kuandika jibu tu. Ninakushauri kwa dhati ugeuze vipimo vyote vya mchoro kuwa milimita kwa kila mita kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi, kwa sababu hicho ndicho kipimo ambacho fundi anaweza kukisoma moja kwa moja kwenye tepu yake, bila kikokotoo na bila kubishana na mtu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tepu ya kupimia yenye milimita upande mmoja na inchi upande wa pili.
- Pimamaji (kifaa chenye kiputo kinachoonyesha usawa), ikiwezekana ya urefu wa mita moja au zaidi.
- Mpira mwangavu wa maji wa mita 15 hadi 20, kwa ajili ya kuhamisha usawa kutoka kigingi kimoja hadi kingine.
- Ubao ulionyooka wa mita 3.
- Timazi (uzito unaoning'inizwa kwa uzi kuonyesha wima), uzi wa ujenzi, vigingi, nyundo na kalamu ya kutia alama.
- Simu yenye kikokotoo cha kisayansi. Katika simu nyingi kikokotoo hicho hujitokeza ukiilaza simu kwa upana.
- Mchoro ulioidhinishwa, na daftari la kuandika kila kipimo pamoja na kizio chake. Namba iliyoandikwa bila kizio haimsaidii mtu yeyote wiki inayofuata.

Hatua ya 1: Tenganisha kimo, mlalo na urefu wa mteremko

Kimo ni tofauti ya urefu kati ya sehemu ya juu na sehemu ya chini, ikipimwa wima kama timazi inavyoning'inia. Mlalo ni umbali kati ya sehemu hizo mbili ukipimwa kwa usawa, kama maji yaliyotulia. Urefu wa mteremko ni ule unaopatikana ukilaza tepu juu ya ardhi yenyewe au juu ya mbao ya paa. Hesabu ya mteremko hutumia viwili vya kwanza peke yake.

Tahadhari: kosa linalojitokeza zaidi ya mengine yote ni kutumia urefu wa mteremko mahali pa mlalo. Katika bomba la 1:40 kosa hilo halionekani kabisa, kwa maana tofauti haifiki hata milimita moja katika kila mita. Katika kiwanja chenye mteremko wa asilimia 15 tofauti hufikia takriban asilimia 1. Katika paa la asilimia 45 hukaribia asilimia 10, na hapo utakuwa umekata mbao zisizo na urefu sahihi.

Hatua ya 2: Hakikisha pimamaji yako inasema kweli

Iweke juu ya ubao ulionyooka, usome mahali kiputo kilipo, kisha uigeuze ncha kwa ncha pale pale ilipokuwa. Kiputo kikisimama mahali pale pale katika hali zote mbili, pimamaji ni nzima. Kikihama, usiitumie kwa kazi ya mteremko hata kama ni mpya kutoka dukani. Pimamaji inayokosea milimita 5 kwa mita inaweza kuvumilika unaposimamisha kigingi, lakini katika bomba linalohitaji milimita 25 kwa mita, kosa hilo ni sehemu ya tano ya mteremko wote.

Hatua ya 3: Pima ardhi kwa vipande

Anza sehemu ya juu ya kiwanja. Laza ncha moja ya ubao wa mita 3 juu ya ardhi, inua ncha ya pili mpaka pimamaji ionyeshe usawa, shusha timazi kutoka ncha hiyo iliyo hewani, kisha upime wima kutoka upande wa chini wa ubao hadi ardhini. Andika kipimo. Piga kigingi pale timazi ilipogusa, uhamie hapo, na urudie mpaka ufike chini.

Tuseme kiwanja kiko kwenye miinuko ya Riat, juu ya mji wa Kisumu, na vipande vinne vimetoa mishuko ya milimita 420, 510, 390 na 480. Jumla ya kimo ni milimita 1,800, na jumla ya mlalo ni mita 12. Gawanya 1.8 kwa 12 upate 0.15, yaani asilimia 15, au milimita 150 kwa kila mita. Nyumba yenye upana wa mita 12 kuelekea bondeni itakuwa na tofauti ya mita 1.8 kati ya mbele na nyuma, ambayo ni karibu kozi (safu) nane za mawe ya inchi tisa. Namba hiyo moja inakuambia mapema kwamba utahitaji msingi wa ngazi au kazi kubwa ya kuchimba na kujaza, na inakuwezesha kuomba bei ya mawe ukiwa na hoja mkononi. Ngazi za msingi zipangwe zilingane na kimo cha kozi kamili, ili fundi asilazimike kuchonga mawe kwenye kila ngazi.

Usitosheke na kupima mwanzo na mwisho tu. Vipande vilivyotangulia vinatofautiana kwa zaidi ya milimita 100, na mahali penye mshuko mkali kuliko wastani ndipo maji ya mvua yatakapochimba udongo kwanza.

Hatua ya 4: Badilisha uwiano, asilimia na milimita kwa mita

Ukishapata namba ya msingi, yaani kimo kugawanya mlalo, mabadiliko haya matatu hayahitaji chochote zaidi ya kuzidisha na kugawanya.

- Kupata asilimia, zidisha namba ya msingi kwa 100.
- Kupata milimita kwa mita, zidisha kwa 1,000. Njia ya mkato ni kuzidisha asilimia kwa 10.
- Kupata uwiano wa 1 kwa kitu fulani, gawanya 1 kwa namba ya msingi. Kwa 0.15 utapata 1:6.7.
- Kutoka kwenye uwiano kurudi kwenye milimita kwa mita, gawanya 1,000 kwa namba ya pili. Kwa 1:40 utapata 25.

Tahadhari: uwiano husomwa kwa namna mbili. Katika mabomba na rampu, 1:12 ni kimo cha 1 kwa mlalo wa 12. Katika michoro ya kingo za udongo na kuta za mitaro, baadhi ya wachoraji huandika mlalo kwanza, hivi kwamba 2:1 kwao ni mlalo wa 2 kwa kimo cha 1. Ukikutana na uwiano wa namna hiyo, muulize mhandisi namba ipi ni ya wima kabla ya kuchimba. Udongo wa majivu ya volkeno unaopatikana sehemu nyingi za Nakuru huonekana imara ukiwa mkavu, lakini ukilowa huporomoka, kwa hiyo kuusimamisha wima zaidi ya mhandisi alivyokusudia ni kuhatarisha maisha ya walio ndani ya mtaro.

Hatua ya 5: Badilisha digrii

Hapa ndipo unapohitaji kikokotoo cha kisayansi. Kutoka digrii kwenda namba ya msingi, tumia kitufe cha tanjenti (tan): tanjenti ya 20 ni 0.364, yaani milimita 364 kwa mita. Kutoka namba ya msingi kwenda digrii, tumia tanjenti kinyume (tan⁻¹): 0.15 itakupa digrii 8.5.

Kabla ya kuamini jibu lolote, jaribu tanjenti ya 45. Jibu likiwa 1, kikokotoo kimewekwa katika digrii. Likiwa 1.619 na desimali nyinginezo, kimewekwa katika radiani, kizio kingine cha pembe. Badilisha mpangilio kwanza.

Digrii na asilimia haziendi sambamba. Katika miteremko midogo, chini ya digrii 10 hivi, unaweza kukadiria kwa kuzidisha asilimia kwa 0.57, lakini makadirio hayo huharibika kadiri mteremko unavyopanda. Asilimia 100 ni digrii 45, wala si 57 wala si 90. Jedwali hili linatosha kwa kazi nyingi za nyumba ya kawaida, na linafaa kunakiliwa kwenye jalada la daftari:

| Uwiano | Asilimia | Milimita kwa mita | Digrii |
|---|---|---|---|
| 1:100 | 1 | 10 | 0.57 |
| 1:60 | 1.67 | 16.7 | 0.95 |
| 1:50 | 2 | 20 | 1.15 |
| 1:40 | 2.5 | 25 | 1.43 |
| 1:20 | 5 | 50 | 2.86 |
| 1:12 | 8.33 | 83.3 | 4.76 |
| 1:10 | 10 | 100 | 5.71 |
| 1:5.67 | 17.6 | 176 | 10 |
| 1:4 | 25 | 250 | 14.04 |
| 1:3.73 | 26.8 | 268 | 15 |
| 1:3 | 33.3 | 333 | 18.43 |
| 1:2.75 | 36.4 | 364 | 20 |
| 1:2 | 50 | 500 | 26.57 |
| 1:1.73 | 57.7 | 577 | 30 |

Hatua ya 6: Futi na inchi

Fundi akisema inchi nne kwa futi, anamaanisha kimo cha inchi 4 kwa mlalo wa inchi 12. Gawanya 4 kwa 12 upate 0.333, na umefika kwenye jedwali: milimita 333 kwa mita, digrii 18.43. Inchi tatu kwa futi ni digrii 14.04 na inchi sita kwa futi ni 26.57. Mteremko wa 1:40 kwa lugha ya inchi ni inchi moja kwa kila futi 3 na inchi 4.

Tahadhari: futi 4.5 si futi 4 na inchi 5. Ni futi 4 na inchi 6. Ukitaka kuingiza futi 4 na inchi 5 kwenye kikokotoo, gawanya 5 kwa 12 kwanza, upate futi 4.417. Aidha, usichukue kimo kwa inchi na mlalo kwa mita katika hesabu moja. Geuza kimojawapo kwanza, ukikumbuka kwamba inchi 1 ni milimita 25.4.

Hatua ya 7: Kokotoa paa

Chukua nyumba yenye upana wa mita 8 kutoka ukingo wa nje wa ukuta mmoja hadi ukingo wa nje wa ukuta wa pili, paa la pande mbili zinazolingana, na mwinamo wa digrii 20.

Mlalo wa kutumia ni nusu ya upana, mita 4, kwa kuwa mgongo wa paa uko katikati. Kimo ni 4 mara 0.364, yaani mita 1.456. Anayetumia mita 8 nzima atapata kimo cha mita 2.91 na kuagiza mbao mara mbili ya zinazohitajika kwenye nguzo za kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa). Na anayesoma digrii 20 kana kwamba ni asilimia 20 atapata kimo cha mita 0.80 tu, na paa litakalotokea litakuwa na mwinamo wa digrii 11.3.

Ili kupata urefu wa rafta, yaani mbao inayolala kwenye mteremko wa paa, zidisha mlalo kwa wenyewe, zidisha kimo kwa chenyewe, jumlisha, kisha utafute kipeo cha pili cha jumla. Kwa mfano wetu, 16 na 2.12 ni 18.12, na kipeo chake cha pili ni mita 4.257. Huo ni urefu hadi ukutani tu. Upenu wa milimita 600 huongezwa kwenye mlalo kabla ya hesabu, wala si kwenye jibu: mlalo unakuwa 4.6, kimo cha jumla 1.674, na urefu wa rafta mita 4.895. Ongeza milimita 50 za mabati kuchungulia ndani ya gata (mfereji wa maji ya mvua ukingoni mwa paa), na uagize mabati ya mita 4.95 ikiwa unakatiwa kwa kipimo.

Kuhusu mwinamo wa chini kabisa unaofaa, fuata maelekezo ya kiwanda kwa aina ya mabati au vigae ulivyochagua, kwa sababu kila umbo la bati lina kikomo chake na vigae huhitaji mwinamo mkubwa zaidi ya mabati. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu ya mapaa yaliyofichwa nyuma ya ukuta, ambayo yanapendwa sana siku hizi. Mwinamo wake mara nyingi hupunguzwa ili ukuta usipande mno, ilhali digrii 5 ni milimita 87 kwa mita tu. Katika maeneo ya Kakamega, Kisii na Kericho, ambako mvua ya alasiri hushuka kwa nguvu na wakati mwingine pamoja na mawe, bati lililolala kupita kikomo chake hupitisha maji kwenye maungio hata kama misumari yote imepigwa vizuri.

Hatua ya 8: Kokotoa bomba la maji taka

Kwa bomba la inchi nne, mteremko uliozoeleka ni 1:40. Tuseme tangi la maji taka liko mita 18 kutoka nyumba. Mshuko wote ni 18 mara 25, yaani milimita 450.

Piga vigingi kila baada ya mita 3, uhamishe usawa kwa mpira wa maji, kisha ufunge uzi mmoja ulio sawa kabisa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila kigingi kiongeze milimita 75 za kina. Ikiwa upande wa chini wa bomba unaanza milimita 450 chini ya uzi, vipimo vitakavyofuata ni 525, 600, 675, 750, 825 na mwisho 900. Vitie alama kwa kalamu kwenye vigingi vyenyewe, kwa vile mchimbaji hapaswi kubeba hesabu kichwani.

Hakikisha mpira wa maji hauna mapovu na ncha zote mbili ziko wazi unaposoma. Pima daima hadi upande wa chini wa bomba, usibadilishe katikati ya kazi ukaanza kupima hadi mgongo wake.

Kabla ya kuchagua mahali pa tangi, fanya hesabu hii kwanza. Katika tambarare za Kano na sehemu za chini za Kisumu karibu na ziwa, ardhi ni bapa na maji ya ardhini hayako mbali, kwa hiyo kila mita ya ziada ya bomba inazamisha tangi kwa milimita 25 nyingine. Huko pia kuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Bomba lililolazwa juu yake bila tabaka la mchanga au kokoto ndogo litapoteza mteremko wake ndani ya misimu michache, hata kama vipimo vya siku ya kwanza vilikuwa sahihi.

Hatua ya 9: Rampu, veranda na gata

Rampu ya kiti cha magurudumu isizidi 1:12. Ngazi ya mlango ikiwa na kimo cha milimita 450, zidisha kwa 12: unahitaji mlalo wa mita 5.4, pamoja na sehemu bapa mbele ya mlango. Duka au zahanati isiyo na nafasi hiyo mbele ipindishe rampu kando ya ukuta na kuweka sehemu bapa kwenye kona. Kuifupisha hadi mita 2.25 kunatoa 1:5, na mtu anayejisukuma mwenyewe hawezi kuipanda kwa usalama.

Veranda ya nje ipewe milimita 20 kwa mita kuelekea nje. Gata hutosheka na takriban milimita 5 kwa mita, yaani milimita 50 kwa gata la mita 10, na inafaa kulifanya kwa uangalifu hasa sehemu za Nakuru, ambako maji mengi ya visima yana floridi nyingi na familia hutegemea maji ya mvua kwa kunywa.

Kwa kazi hizi ndogo, funga kipande cha mbao chini ya ncha moja ya pimamaji. Pimamaji ya mita 1 kwa veranda itahitaji kipande cha milimita 20, na ya milimita 600 itahitaji cha 12. Kiputo kikiwa katikati, mteremko uko sahihi. Kipande hicho kiwe daima kwenye ncha ya chini, upande maji yanakoelekea.

Mambo yakikwama

*Majibu mawili hayalingani.* Chora pembetatu kwenye karatasi, mlalo wa sentimita 10 na kimo kwa kiwango hicho hicho, kisha upime pembe kwa kipimapembe cha shule. Hutapata desimali, lakini utaona mara moja jibu lipi ni la uongo.

*Nafasi ya kushusha bomba haitoshi.* Hesabu kinyume. Tangi likiwa tayari limejengwa na kimo kilichopo ni milimita 200 tu, mita 18 zitatoa 1:90, ambao ni mteremko mdogo mno. Zidisha 200 kwa 40 upate 8,000: kwa 1:40 bomba lisizidi mita 8. Ama tangi lisogezwe, ama sakafu ya nyumba iinuliwe kabla ya zege kumwagwa.

*Maji yanasimama katikati ya veranda au mtaro.* Mshuko wa jumla unaweza kuwa sahihi huku katikati kumezama. Vuta uzi kutoka juu hadi chini, ukifuata mteremko wenyewe, na upime nafasi chini ya uzi kila baada ya mita moja. Nafasi inapoongezeka, hapo ndipo pa kujaza.

*Unataka kujua mwinamo wa paa lililopo bila kupanda juu.* Ukiwa ndani, shikilia pimamaji ya milimita 600 kwa usawa, ncha moja ikigusa upande wa chini wa rafta, kisha upime wima kutoka ncha ya pili hadi rafta hiyo hiyo. Ukipata milimita 218, gawanya kwa 600 upate 0.363, na tanjenti kinyume itakupa digrii 20 kasoro kidogo. Rudia kwenye rafta mbili nyingine, za upande wa pili wa paa pia, kabla ya kuagiza bati hata moja la kiraka.